Nyumba moja, choo kimoja: kumwaga maji na jiki ndiyo kusafisha, au mpaka usugue?

#1 Binti Segerea
Wakuu, habari za jioni.

Nimepanga huku Tabata. Nyumba ina vyumba sita, korido katikati, uani bafu moja na choo kimoja cha kuchuchumaa. Zamu za usafi tunazo, karatasi imebandikwa karibu na mita ya LUKU, kila chumba wiki moja. Hakuna anayekwepa zamu. Naliweka wazi mapema msije mkadhani nalalamikia wavivu.

Shida ni kwamba kila mtu anasafisha kwa anavyojua yeye. Kaka wa chumba cha mbele zamu yake ikifika anachota ndoo mbili kubwa, anamimina jiki mpaka macho yanawasha ukipita korido, anamwaga kwa mpigo, anarudishia mlango, kamaliza. Mama wa chumba cha pili hagusi jiki kabisa. Anachukua sabuni ya unga, brashi na maji kidogo kwenye kopo, anainama anasugua sinki la choo mpaka pale pa kukanyagia, na kuta za chini anapanda nazo. Ila korido hadeki, anafagia tu. Kuna dada naye anadeki korido asubuhi na jioni lakini choo hakigusi, anamlipa kijana wa mtaani.

Bili ya maji tunagawana kwa vichwa. Juzi mama akamwambia kaka mbele ya watu, "Wewe husafishi, unalowanisha." Kaka akajibu kwamba mama anasugua uchafu halafu anauacha palepale kwa kubania maji. Tangu hapo salamu hakuna.

Msimamo wangu: bila brashi hujasafisha. Ila ninachotaka kujua ni kwa nini watu wazima, kila mmoja msafi kwa macho yake, hawaonani wasafi. Malezi? Hela? Au nini?

#2 Kitasa
Nimeweka kiti hapa. Ila semeni ukweli, uchafu wa nyumba hizi ndio unaotuletea dengi kila mvua zikinyesha.

#3 Mzee wa Uani
Malezi hayo, binti yangu. Sisi tuliokulia kwenye choo cha shimo tulikatazwa kumwaga maji ovyo, shimo linajaa upesi. Choo kilifagiwa, kikamwagiwa majivu kukata harufu na kufukuza nzi, na kikawa kisafi. Aliyekulia Magomeni au Ilala kwenye choo cha maji, kwake usafi ni kuona maji yanakwenda. Huyo mama na huyo kaka kila mmoja anafanya alichofundishwa kwao. Waulize wamekulia wapi, utapata jibu lako.

#4 Ukindu
Mzee wa Uani, shikamoo. Hapo kwenye malezi nakukatalia kwa heshima.

Mimi na mdogo wangu tumelelewa na mama mmoja, fagio moja, fimbo moja. Sasa tumepanga pamoja Mbezi. Vyombo vya usiku yeye anaanza kukereka navyo kesho yake jioni. Mimi nakereka kabla sufuria halijapoa. Kwa hiyo anayeosha ni mimi, kila siku, na yeye anaona nyumba ni safi tu, inajisafisha. Ninavyoona mimi, kila mtu ana mahali pake pa kukereka. Mnaoishi pamoja, wa kwanza kukereka ndiye anabeba nyumba nzima, halafu anaanza kuwaita wenzake wachafu.

#5 Nesi wa Zamu
Naomba nisogee kwenye choo kwanza, malezi tutayarudia.

Jiki haiondoi uchafu. Kazi yake ni kuua vijidudu, na ikikuta kinyesi, mafuta au ukoga, nguvu yake inaishia kwenye huo uchafu kabla haijafika kwa kijidudu. Ndiyo maana wodini tunaosha kwanza kwa sabuni na kusugua, tunasuuza, ndipo tunaweka dawa. Tena dawa iachwe ikae, dakika kumi hivi, siyo unamwaga inapita kwenda shimoni.

Kipimo nacho: jiki nyingi za dukani zina klorini asilimia 3.5. Sehemu moja ya jiki kwa sita za maji inakupa asilimia 0.5, hiyo ndiyo tunayotumia wodini kwenye damu na matapishi. Choo cha nyumbani kisicho na mgonjwa hakihitaji makali hayo kila siku. Soma chupa, zipo zenye nguvu tofauti. Na ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, iliyoanikwa juani kwenye meza ya duka, usishangae ikiwa imebaki harufu tu.

Kwa hiyo mama amefanya nusu ya kwanza, kaka nusu ya pili. Wangekuwa wanaelewana choo chenu kingekuwa cha mfano.

#6 Msafi Kiasi
Nesi umewapatanisha bila kikao. Sasa wafungishwe ndoa ya zamu, wiki moja wawili.

#7 Binti Segerea
@Msafi Kiasi, mama ana mumewe humo humo chumbani, usinitafutie kesi.
@Nesi wa Zamu, asante, nimepiga picha maelezo yako nitayabandika pale kwenye mita. Ila kuna weupe mgumu kwenye sinki. Mama kausugua kwa stilwaya mpaka kachoka, kaka kaumwagia jiki chupa nzima. Hautoki. Kila mmoja anasema ni uchafu wa zamu ya mwenzake.

#8 Fundi Bomba
Huo weupe siyo uchafu wa mtu. Mnatumia maji ya kisima? Visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi, sabuni inagoma kutoa povu, na yakikauka yanaacha gamba. Angalia pua ya bomba, angalia ndani ya birika, utaona kitu hicho hicho. Jiki haililegezi hata umwage pipa. Linataka kitu kikali cha uchachu: siki, au ndimu kama gamba ni jembamba. Paka, acha lilegee, ndipo usugue. Stilwaya acheni kabisa. Mnachubua ile ng'arisho ya sinki, na pakishachubuka uchafu unashika zaidi, mwakani mtalaumiana upya.

Jingine ambalo kaka hajui: choo chenu kama kinaingia kwenye karo, mle ndani kuna bakteria wanaokula kinyesi. Jiki ya chupa nzima kila mara inawaua. Karo likiacha kumeng'enya linajaa haraka, na gari la kunyonya mtalipa wote, hata mama asiyegusa jiki.

#9 Msafi Kiasi
Fundi, hapo kwenye bakteria umetia chumvi kidogo. Jiki ya kawaida ya usafi wa wiki haiui karo, watu wanatumia miaka na miaka. Karo nyingi zinajaa kwa sababu zilichimbwa kwa familia moja, sasa wanaingia watu ishirini.

#10 Fundi Bomba
Nimesema chupa nzima, kila mara. Soma vizuri, mkuu. Hilo la watu ishirini nakubali.

#11 Binti Segerea
Fundi, umegonga penyewe. Maji ya bomba ya DAWASA tunayo lakini siku za mgao tunavuta kisima cha jirani, na hayo ndiyo ya chooni. Nimemsomea kaka ujumbe wako, kasema basi Jumamosi analeta ile asidi ya kusafishia marumaru, aichanganye na jiki amalize kazi moja kwa moja.

#12 Nesi wa Zamu
HAPANA. Mwambie sasa hivi, usingoje Jumamosi.

Asidi ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Kwenye kachumba kale kenye tundu moja la hewa, mtu anabanwa kifua, anakohoa, macho hayafunguki, na mapafu yanaweza kuumia kweli. Siki na ndimu nazo ni asidi, kwa hiyo ushauri wa Fundi ufuatwe siku ambayo hamtumii jiki, na sinki lisuuzwe kwa maji mengi kabla na baada. Jiki pia msiichanganye na dawa yenye amonia. Na kwenye choo kinachonuka mkojo mkali, mwageni maji kwanza, maana mkojo uliokaa nao una amonia. Jiki na maji tu. Mlango wazi.

#13 Ndizi Mzuzu
Nakazia hapo kwa Nesi. Nyumba tuliyokuwa tunakaa Buguruni, shemeji mmoja alichanganya vitu viwili bafuni kwa nia njema kabisa, katolewa kashikwa mikono, anakohoa mpaka anatapika. Watu wakaanza kusema katupiwa kitu. Hakuna aliyetupa kitu, ni ndoo yake mwenyewe.

#14 Mama Pacha
Mmeongea kemia vizuri. Sasa tuongee hiyo karatasi ya zamu.

Binti, angalia hiyo karatasi yenu. Imeandikwa chumba namba moja, mbili, tatu. Chumba chenye mke na mume, zamu inafanywa na nani? Umesema mwenyewe: mama wa chumba cha pili anainama anasugua, na post #7 umesema mumewe yumo humo. Mbona mumewe hayumo kwenye uzi huu? Hatujui anapenda jiki au sabuni, kwa sababu hajawahi kushika brashi. Na kaka akimwaga ndoo mbili anasifiwa angalau kajitahidi. Mimi nimekaa nyumba tatu za kupanga, zote zamu za vyumba ziligeuka zamu za wanawake. Tofauti ya usafi mnayoitafuta kwa nusu imeanzia hapo: mmoja kafundishwa kusugua tangu ana miaka sita, mwingine kafundishwa kuchota maji.

#15 Kitasa
Mama Pacha, siyo wote. Sisi tuliosoma bweni tumepiga deki mabweni na vyoo, wavulana watupu, na Jumamosi mwalimu wa zamu anapita na kidole kwenye fremu ya dirisha. Kidole kikitoka na vumbi mnarudia wote.

#16 Mama Pacha
Na baada ya kuoa, hicho kidole kiko wapi? Swali tu, mdogo wangu.

#17 Kitasa
Nimeishiwa chaji, nitarudi.

#18 Mwana wa Ng'ambo
Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Unguja, na naona mmemhukumu huyo kaka kwa haraka.

Kuna uchafu na kuna najisi, na havifanani. Sakafu inaweza kung'aa ikawa na najisi, na sakafu nyingine ina vumbi lakini ni tohara, mtu anatandika mswala anaswali. Najisi ya mkojo kwenye sakafu huondolewa kwa kumwagiwa maji mpaka athari yake iondoke. Mtu aliyekuzwa na hilo, brashi bila maji ya kutosha kwake ni kutandaza najisi. Hicho ndicho kaka alichomwambia mama, kwamba anausugua uchafu na kuuacha palepale. Kwetu viatu vinavuliwa mlangoni, kopo la maji halikosi chooni, na mgeni anayeingia ukumbini na viatu hata kama vimepigwa rangi leo, bibi atamwangalia mpaka arudi nje mwenyewe. Wala haoni kwamba korido ina vumbi. Anaona umeingiza cha njiani ndani.

Muulizeni kaka. Huenda anatoharisha, nyinyi mnamdai king'arishwe.

#19 Binti Segerea
Wa alaykum salaam. Maelezo yameniingia, ila mama wa chumba cha pili na yeye anaswali, tena ndiye anayetuamsha daku. Na kaka ni muumini mwenzake, msikiti mmoja. Sasa?

#20 Mwana wa Ng'ambo
Basi mama anabania maji kwa ajili ya bili. Hilo nalo si dhambi.

#21 Mzee wa Uani
Au mama kakulia kwenye choo cha shimo. Niliwaambia mapema.

#22 Stuttgart Kwetu
Wakuu, huku Ujerumani mambo haya yana jina na kibao. Eneo hili la Stuttgart kuna kitu wanakiita Kehrwoche, wiki ya kufagia. Kwenye jengo la kupanga, wiki ikifika zamu yako unakuta kibao kimening'inizwa mlangoni kwako. Unafagia na kudeki ngazi, kwenye majengo mengine na njia ya mbele, na ukimaliza wiki unakipeleka mlango wa jirani. Mkataba wa kupanga unaweza kuitaja kabisa.

Mnadhani ugomvi umeisha? Bibi wa ghorofa ya chini kwetu anatoka kukagua. Kwake ukifagia bila kupitisha kitambaa kwenye mkono wa ngazi hujafanya kitu. Mimi nilizoea Dar kumwaga maji na kuyasukuma kwa fagio mpaka nje. Huku ukimwaga maji kwenye ngazi za watu wanakuita kama kuna bomba limepasuka, sakafu haina tundu la kutolea maji. Ndiyo maana siamini sana habari za malezi wala dini. Nyumba yenyewe inakufundisha. Sakafu yenye mfereji utaimwagia maji, isiyo nao utaifuta kwa kitambaa.

#23 Fundi Bomba
Huyu kasema kitu cha ufundi kikubwa kuliko wote. Binti, mwinuko wa sakafu ya choo chenu ukoje? Maji yakimwagwa yanaelekea tunduni au yanakwama kwenye kona ya mlango? Kama yanakwama, kaka atamwaga bahari na uchafu utarudi konani ulale hapo. Mafundi wengi hawaweki mteremko, wanapiga sakafu bapa kama meza.

#24 Binti Segerea
Yanakwama kona ya mlango. Ndiyo pale pale mama anaposema kaka "analowanisha".

#25 Wa Kayole
Habari zenu watu wa Bongo. Huku Nairobi kwa ploti yetu tulikuwa na vita kama hiyo. Floor moja choo mbili, nyumba nane. Caretaker akachoka, akaweka kufuli: nyumba nne choo hii, nyumba nne ile, kila nyumba na funguo yake. Wiki ya kwanza choo ikang'aa. Watu ni wale wale, maji ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua ni nani. Tukiwa nane hakuna mtu alijua nani ameacha hivyo, kwa hivyo kila mtu alikuwa anamwaga maji kidogo ya kupita na kutoka haraka.

#26 Ukindu
Wa Kayole, naona uko upande wangu kidogo. Mkiwa wachache, wa mwisho kukereka hana pa kujificha.

#27 Mama Pacha
Na kwenye hizo nyumba nne nani alikuwa anafua kitambaa cha kudekia? Naulizia tu rekodi.

#28 Wa Kayole
Mama, si uongo. Ni wanawake na mimi. Mimi nilikuwa naishi peke yangu.

#29 Ndizi Mzuzu
Watu mnajitesa. Vyumba sita, kila chumba kitoe elfu tatu kwa wiki, mtafutieni mama mmoja wa mtaani anayehitaji kipato, aje mara tatu. Dada anayemlipa kijana ndiye mwenye akili kuliko wote humo.

#30 Binti Segerea
Tulijaribu kulisema kwenye kikao. Mama wa chumba cha pili alikataa kata kata: "Sitoi hela kwa kazi ambayo mikono yangu inaiweza." Anauza maandazi asubuhi, na elfu tatu kwake ni unga. Sikuweza kumbishia. Na kuna mzee wa chumba cha nyuma yeye hataki mgeni aingie uani kwa sababu nguo huwa zinaanikwa.

#31 Mwalimu wa Sayansi
Nirudi kwa Kitasa post #2, maana hili limepita bila kusahihishwa na watu wanaliamini. Mbu wa dengi hazaliani kwenye choo kichafu wala mtaro mweusi. Anaitwa Aedes, anataka maji yaliyotulia na masafi kiasi: ndoo, pipa, diaba, tairi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Anang'ata mchana. Mwaka 2019 dengi iliitikisa Dar, na nyumba inayodekiwa kila siku nayo inaweza kuwa na mbu huyo. Kwa hiyo yule kaka wa ndoo mbili, nauliza maji yake anayahifadhi wapi, na yana mfuniko? Anayeweka akiba ya maji ili asafishe ndiye anayeweza kuwa anafuga mbu. Pipa lifunikwe, na angalau mara moja kwa wiki limwagwe na kuta zake za ndani zisuguliwe, maana mayai yanagandia ukutani, hayatoki kwa kumwaga peke yake.

#32 Msafi Kiasi
Kwa hiyo hata kwenye pipa ni kusugua. Binti Segerea anaongoza.

#33 Chelewa
Mimi nina langu pembeni. Tunaokaa na mama mkwe: nikifagia baada ya magharibi anasema nafagia riziki. Natoka kazini saa moja usiku. Nifagie saa ngapi?

#34 Mzee wa Uani
Fagia, usitoe nje. Kusanya nyuma ya mlango, utoe asubuhi. Zamani ilikuwa kibatari, mtu akidondosha pete au shilingi gizani inaondoka na takataka. Mama mkwe atakuelewa ukifanya hivyo, na nyumba itakuwa safi.

#35 Chelewa
Asante baba. Hilo linatekelezeka.

#36 Kitasa
Chaji imerudi. Nimesahihishwa kuhusu mbu, sawa. Lakini mnakumbuka 9 Desemba 2015, Magufuli alipofuta sherehe za Uhuru ikawa siku ya usafi? Kipindupindu kilikuwa kimeshika Dar tangu Agosti. Alionekana mwenyewe anazoa taka karibu na soko la samaki Feri, nchi nzima ikashika fagio. Baadaye ikawa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kama Umuganda ya Rwanda. Huku kwetu watu walitoka, wakaja kupungua. Rwanda wanaendelea. Nasema kinachokosekana ni msimamizi. Mwenye nyumba yenu anakaa hapo?

#37 Binti Segerea
Anakaa Kibaha. Anakuja siku ya kodi, anasimama uani, anaondoka.

#38 Kitasa
Basi. Nyumba anayokaa mwenye nyumba ina kipimo kimoja, cha kwake. Yenu ina vipimo sita.

#39 Mama Pacha
Nilikaa na mwenye nyumba ndani. Kipimo kilikuwa kimoja kweli, na aliyekifikia kwa kuinama alikuwa mkewe na sisi wapangaji wa kike.

#40 Binti Segerea
Wakuu, leo jioni nimeongea na kaka peke yake. Habari ya asidi kaiacha. Kasema kusugua atasugua, ila ile brashi iliyopo ni ya mama, kanunua kwa hela yake na anaingia nayo chumbani, na yeye hawezi kugonga mlango wa mke wa mtu kuomba brashi ya choo. Hilo sikuwahi kulifikiria. Mama naye kasema hawezi kuiacha chooni kwa sababu ya mwanzo aliyoiacha iliibiwa.

#41 Nesi wa Zamu
Nunueni ya nyumba nzima. Yenye mpini mrefu, itundikwe imeinama ikauke, isisimamishwe kwenye kopo lenye maji.

#42 Ndizi Mzuzu
Na mkishanunua, iandikwe kwenye ile karatasi nani ananunua nyingine ikichakaa. Kwetu kila mtu alisema haijachakaa mpaka ikabaki mpini mtupu.

#43 Wa Kayole
Kwetu funguo ya choo ikipotea pia ilikuwa hivyo. Bado tunatafuta ya nyumba namba sita.